Udaktari jeshini: mtu amalize chuo kwanza, au aingie kwanza jeshi limsomeshe?

Mtarajali wa Ziwa (mleta mada)

Wakuu, heshima zenu.

Niko miezi ya mwisho ya utarajali wa udaktari kwenye hospitali moja ya rufaa huku Kanda ya Ziwa, umri miaka 26. Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) nilipita kwa mujibu wa sheria baada ya kidato cha sita, cheti ninacho. Jeshi nalitaka tangu zamani. Ajira zimebana, tusidanganyane, lakini hata zisingebana ningelitaka. Napenda upasuaji wa majeraha kuliko kitu kingine chochote nilichofundishwa.

Kinachonileta hapa hasa ni mdogo wangu. Kamaliza kidato cha sita mwaka huu, PCB (fizikia, kemia, biolojia), na kichwa anacho. Anasema hawezi kusoma miaka mitano halafu akae nyumbani na shahada ukutani. Mpango wake ajitolee JKT, achukuliwe JWTZ, yaani jeshi la ulinzi lenyewe, kisha jeshi limpeleke kusoma udaktari kwa gharama zake. Mzee kakubali papo hapo, maana habari za ada na mkopo zinampandisha presha. Mama hataki hata kusikia. Mimi nimeambiwa niamue, na hospitali naijua, jeshi silijui.

Waliovaa kombati, au wenye ndugu huko, tuambieni hali halisi. Wale wa "njoo inboksi, nina mtu Makao Makuu" wapite kushoto.

Chumvi Mbichi

Umeshawataja, sasa hivi wanatia timu.

Mzee wa Zahanati

Nimestaafu nikiwa Afisa Mteule, upande wa tiba. Nitasema yale ambayo si siri.

Kwanza wewe mwenyewe, maana naona unajisahau. Tangazo la JWTZ la 2025 lilitaja umri hivi: kidato cha nne na sita usizidi miaka 24, stashahada 26, shahada 27, madaktari bingwa 35. Sasa piga hesabu. Mtu anamaliza kidato cha sita ana miaka 19 au 20, MD, shahada ya udaktari, miaka mitano, utarajali mwaka mmoja. Anafika 26. Ukikosa tangazo linalofuata, mlango wa shahada umefungwa, na unaobaki ni wa ubingwa, yaani MMed miaka mitatu, uwahi kabla ya 35. Masharti hubadilika tangazo kwa tangazo, kwa hiyo usishike yangu kama msahafu. Ila daktari ndiye mwenye nafasi finyu kuliko wahitimu wote, kwa sababu masomo yake ndiyo marefu na umri haumsubiri.

Lile tangazo lilitaka maombi yaandikwe kwa mkono, ufike na vyeti halisi, na cheti cha JKT kiwemo, cha mujibu wa sheria au cha kujitolea. Weka vyeti vyako kwenye bahasha moja kuanzia leo. Nimeona vijana wazuri wakikwama kwa sababu jina la cheti cha kuzaliwa halifanani na la kidato cha nne.

Habari ya mdogo wako nitairudia jioni, nina wageni.

Mama Junior

Mleta mada, mimi namuunga mkono mama yako na sijamjua. Daktari anayebeba bunduki ni daktari gani?

Chumvi Mbichi

Mama Junior kauliza swali la maana. Na mimi naongeza: huko kambini unatibu nini cha maana? Mafua, fangasi za miguu na watu wanaotafuta ED, ile ruhusa ya mgonjwa kupumzika kazi. Miaka mitano ya anatomia ukaishie kugawa paracetamol.

Dada wa Wodini

Chumvi, ED umepatia, mengine hapana.

Mimi ni muuguzi. Nipo wapi haiwahusu. Asubuhi kwenye kituo cha tiba cha kikosi watu wanapanga foleni mapema. Wa kwanza anasema mgongo, wa pili mgongo, wa tatu mgongo, na siku hiyo kuna mbio za kilomita nyingi. Unajifunza kumtazama mtu anavyokaa kwenye benchi kabla hajakuona. Mwenye mgongo kweli hakai upesi, anashika ukingo wa benchi kwanza. Lakini humo humo yumo kuruta ambaye hajasema kitu, kakaa kimya, kavua buti moja tu. Unamwambia avue na la pili, anakataa. Ukilivua wewe unakuta soksi imegandana na kisigino, ngozi imetoka nayo. Kakimbia hivyo siku kadhaa kwa sababu anaogopa kurudishwa nyumbani. Huyo ndiye mgonjwa wako. Na yule wa maumivu ya muundi yasiyoisha, ukimwambia "vumilia" kumbe mfupa umeanza kupata ufa, umemharibu kijana wa watu.

Halafu kuna familia. Wake za askari wanajifungua, watoto wanaugua malaria, wastaafu wana sukari na presha. Hospitali Kuu ya Jeshi Lugalo pale Dar inapokea raia pia, muulize mtu yeyote wa Mwenge au Kawe. Kwa hiyo anayedhani tiba ya jeshi ni risasi tu, na anayedhani ni mafua tu, wote hawajafika.

Mzee wa Zahanati

Dada kasema vizuri. Kazi kubwa ya mganga wa jeshi ni kuzuia watu wasiugue, na hiyo haina sifa, hakuna anayepigiwa makofi kwa kukagua vyoo. Lakini someni vita ya kwanza ya dunia ilivyokuwa hapa kwetu, 1914 hadi 1918. Wapagazi waliobebeshwa mizigo ya Waingereza walikufa si chini ya 95,000, na wengi wao hawakuuawa na adui. Waliuawa na kuhara, malaria, njaa na uchovu. Jeshi linaweza kushindwa kabla halijafyatua risasi kwa sababu jiko lilikuwa karibu na shimo la choo. Daktari wa kikosi anakagua maji, anaonja chakula cha askari, anaangalia vyandarua. Kama hiyo kazi unaiona ya chini, baki mjini.

Na Mama Junior, swali lako lina jibu kwenye sheria. Mikataba ya Geneva ya 1949 inawalinda watabibu wa jeshi, ndiyo maana wanavaa alama ya msalaba mwekundu au hilali nyekundu. Silaha ndogo wanaruhusiwa, ya kujilinda wao na majeruhi walio mikononi mwao. Hawaruhusiwi kuitumia kushambulia. Daktari akiingia kwenye mashambulizi ule ulinzi anaupoteza.

Kipanga

Hapo Mzee nikuulize. Kanali ana kidonda cha mkono, adui mliyemkamata anatokwa damu ya tumboni. Mimi ni Luteni, kanali anasema nianze naye. Nafanyaje?

Mzee wa Zahanati

Unaanza na wa tumboni. Mikataba hiyo hiyo inasema anayetangulia kutibiwa ni yule ambaye hali yake haiwezi kusubiri. Haiangalii cheo, wala upande aliopigania. Kanali aliyefunzwa vizuri analijua hilo. Ambaye halijui utamweleza kwa adabu, ukiwa umesimama wima, na mikono yako ikiwa tayari inamshughulikia yule mwingine.

Sitakudanganya kwamba ni rahisi. Jeshini amri ni amri, na wewe umekula viapo viwili. Siku nyingi viapo hivyo havigongani. Vinapogongana ni kwenye mambo madogo yasiyo na damu: mkuu anataka kujua fulani anaumwa nini, anataka jibu la kipimo cha askari wake. Hapo ndipo daktari kijana anapoyumba. Mkuu ana haki ya kujua kama askari anafaa kwa kazi au hafai, jina la ugonjwa ni suala lingine.

Kijana wa Nakuru

Hamjambo nyote, naandika kutoka Kenya. Kwetu KDF, yaani jeshi la Kenya, daktari huingia kama afisa mtaalamu, na matangazo ambayo nimeyaona huweka kikomo cha miaka 30. Lazima uwe umesajiliwa na baraza la taaluma yako kwanza. Mafunzo ni kwenye chuo cha kijeshi pale Lanet, na hospitali kubwa ni Defence Forces Memorial, barabara ya Mbagathi, Nairobi. Binamu yangu ni tabibu huko. Alienda Somalia chini ya AMISOM, misheni ya Umoja wa Afrika, na anachosema ni kuwa kazi ngumu zaidi si kushona. Ni kuamua nani apande ndege ya kwanza kurudi Nairobi.

Kigali Kwetu

Rwanda wana njia ambayo mdogo wake mleta mada angeipenda. Chuo cha kijeshi cha Gako kinashirikiana na Chuo Kikuu cha Rwanda, kwa hiyo kuna makadeti wanaosoma udaktari huku wakifundishwa uafisa, na wanapata shahada na kamisheni pamoja. Lakini ni kwa Wanyarwanda, msije mkafunga mizigo.

Mtarajali wa Ziwa

Asanteni sana. Mzee, sasa nisaidie la mdogo wangu. Na mimi je, nikiingia na MD yangu naanza kama daktari au kama kuruta?

Mzee wa Zahanati

Unaanza kama kuruta. Hilo lieleweke, maana kuna madaktari waliolia machozi. Utanyolewa, utaamshwa usiku, utatambaa kwenye tope, na anayekupigia kelele anaweza kuwa Koplo wa kidato cha nne ambaye mwezi uliopita ungemwandikia dawa. Ukimjibu "mimi ni daktari" umejitafutia siku mbaya. Uafisa unapatikana Monduli, pale chuo cha mafunzo ya kijeshi, na kamisheni anayekutunuku ni Amiri Jeshi Mkuu. Kuanzia hapo ni Luteni Usu, Luteni, Kapteni na kuendelea. Lakini kuruta unakuwa kwanza.

Sasa mdogo wako. Mpango wake una sehemu ya kweli. Jeshi lina Chuo cha Sayansi za Tiba pale Lugalo, na wapo askari waliokwenda jeshini na kidato cha nne wakatoka matabibu na wauguzi wazuri sana. Mimi ni mmoja wao. Wapo pia waliopelekwa vyuo vikuu.

Tatizo ni mpangilio. Kujitolea JKT ni mkataba wa miaka miwili, na JKT yenyewe haichoki kusema kwamba mafunzo yale si ahadi ya ajira. Mnakumbuka 2021, vijana 854 waliondolewa kambini kwa kugoma wakidai kuajiriwa. Hao walikuwa wamefanya kazi za nguvu, wana nidhamu, wana afya. Tuseme kapenya, kawa Private. Kusomeshwa ni mkuu wake aone anafaa, kikosi kimwachie, nafasi iwepo mwaka huo, na iwe ya udaktari. Jeshi likihitaji fundi wa mitambo, atakwenda kuwa fundi wa mitambo na ataitika "Ndiyo Afande". Huchagui. Kijana anayetaka jeshi, fani yoyote, aende leo na baraka zangu. Anayetaka udaktari aufuate udaktari, jeshi atalikuta.

Chumvi Mbichi

Mzee umesema wewe mwenyewe ulisomeshwa na jeshi. Sasa unamfungia mwenzio njia uliyopita?

Mzee wa Zahanati

Mimi nilikuwa na kidato cha nne na kwetu hapakuwa na nauli ya kwenda popote. Jeshi lilikuwa njia yangu pekee, nami nalishukuru. Huyu ana PCB na Bodi ya Mikopo ipo. Si mtu yule yule.

Afande Mstaarabu

Hapa nampinga Mzee kidogo, kwa heshima. Aliyeanzia chini anakuwa na kitu ambacho daktari aliyeletwa na shahada hana. Askari wanamwamini. Anajua buti linavyouma, anajua mtu anayeficha ugonjwa ili asikose safari ya misheni. Nimehudumu Kongo kwenye MONUSCO, misheni ya Umoja wa Mataifa, na pale kikosini niliyemtaka karibu yangu ni tabibu aliyekuwa amewahi kubeba silaha na begi kama mimi.

Mtarajali wa Ziwa

Afande, kama hutajali, huko misheni tiba inakwendaje? Hayo ndiyo ninayoyataka.

Afande Mstaarabu

Nitasema ya jumla tu. Umoja wa Mataifa una ngazi. Ngazi ya kwanza ni kituo cha kikosi: daktari mmoja au wawili, kinapaswa kumudu wagonjwa 20 kwa siku na vitanda vitano, wala hufanyi upasuaji mkubwa. Ngazi ya pili wana chumba cha upasuaji, tatu hadi nne kwa siku. Ya tatu ni hospitali kamili ya misheni yenye mabingwa. Ya nne iko nje ya eneo la misheni.

Halafu kuna saa. Kanuni yao wanaiita kumi, moja, mbili: ndani ya dakika kumi damu imezuiwa na njia ya hewa iko wazi, ndani ya saa moja mtabibu wa juu zaidi amefika, ndani ya saa mbili yuko mezani kwa upasuaji. Kwenye karatasi inapendeza. Kongo barabara ni tope, helikopta haitui usiku popote unapotaka, na waliokushambulia bado wako msituni. Tarehe 7 Desemba 2017 pale Semuliki, Beni, tulipoteza Watanzania wasiopungua 14 usiku mmoja, na majeruhi walikuwa makumi. Sitaki kueleza zaidi.

Ninachotaka ukijue kama daktari ni kwamba zile dakika kumi za kwanza wewe haupo. Aliyepo ni askari mwenzake. Kwa hiyo kazi yako kubwa unaifanya kambini miezi mingi kabla, kumfundisha kila askari kufunga mkanda wa kukazia damu juu ya paja gizani, kwa mkono mmoja, bila kuuliza. Hospitalini mlifundishwa kuanza na njia ya hewa. Kwa majeruhi wa vita anayemwagika damu, damu kwanza. Nilimwona daktari kijana anabishana na hilo darasani siku nzima.

Mtarajali wa Ziwa

Hiyo ya damu kwanza nimeielewa kwa majeruhi wa bodaboda, kwa bahati mbaya. Asante Afande, na poleni kwa wenzenu.

Mkaa Texas

Niongeze kwa walio ughaibuni, maana vijana wetu huku huniuliza hilo kila mara. Jeshi la Marekani, tabibu wa mapigano anaitwa 68W. Ukiwa na grini kadi unaweza kuingia bila uraia. Mafunzo ya awali wiki 10, kisha wiki 16 hapa San Antonio, Fort Sam Houston, unatoka na cheti cha huduma ya dharura kinachotambulika uraiani. Ule mpango uliokuwa unachukua wahamiaji wasio na grini kadi kwa ajili ya lugha, Kiswahili kikiwemo, ulisimama 2016, msidanganywe kwamba upo. Na ukitaka kuwa afisa, yaani daktari au muuguzi mwenye kamisheni, uraia lazima. Wauguzi wengi wa Kikenya huku walianza ngazi ya chini, wakapata uraia kupitia jeshi, ndipo wakapanda.

Mpiga Chapa

Mleta mada, nicheki inboksi. Nafasi za madaktari zimetoka kimya kimya, fomu ni laki tatu tu.

Chumvi Mbichi

Si nilisema?

Dada wa Wodini

Fomu ya jeshi hailipiwi. Tangazo linatolewa na Makao Makuu ya Jeshi hadharani, magazeti yote yanaandika. Jirani yetu aliuza ng'ombe wawili kwa mtu kama huyu, akapewa barua yenye muhuri wa kuchonga na kuambiwa aripoti kambini. Getini ndipo alipoujua ukweli, na begi mgongoni. Modereta, ondoa hiyo komenti.

Mzee wa Zahanati

Turudi kwenye mada. Mtarajali, mbona mnagombana nyumbani juu ya mambo yasiyogombana? Mdogo wako kamaliza kidato cha sita, akiitwa JKT kwa mujibu wa sheria aende. Ni miezi mitatu, anarudi ana cheti ambacho tangazo lolote litamdai, na ameonja. Chuo aombe, na mkopo aombe, dirisha likifunguliwa. Akiwa kule kambini atajua kama anapenda jeshi au anapenda sare. Akirudi bado analitaka, asome MD akijua hesabu ya umri niliyoitoa juu. Asirudie mwaka, asiahirishe bila sababu, utarajali aumalize mapema. Na kama MD ni ndefu mno kwake, stashahada ya utabibu ni miaka mitatu, na mwisho wake ulikuwa 26. Hiyo ina nafasi ya kupumua kuliko yako.

Mama Junior

Na akipenda jeshi zaidi ya udaktari?

Mzee wa Zahanati

Basi awe askari, mama. Jeshi halijajaa madaktari tu.

Dada wa Wodini

Mtarajali, na wewe ukiingia usiache leseni yako ya Baraza la Madaktari ilale. Kuna madaktari wanaopewa majukumu ya utawala, miaka inapita hawajashika mgonjwa, wakistaafu wanagundua mikono imekuwa mizito. Hudhuria mafunzo ya kujiendeleza, omba zamu hospitalini hata kama cheo kimekua.

Mtarajali wa Ziwa

Nimepiga simu nyumbani. Mdogo wangu kakubali kwenda mujibu wa sheria na kuomba vyuo kwa pamoja. Baba anauliza kama mkopo ukichelewa jeshi litamsaidia, nimemwambia hilo tusilitegemee. Mama bado ananuna, ila ameuliza buti zinauzwa wapi. Mimi mwenyewe nasubiri tangazo, bahasha iko tayari.

Swali la mwisho, Mzee. Dogo anavaa miwani, na ana jino moja lililong'oka akicheza mpira. Itamkwamisha?

Mzee wa Zahanati

Hilo watamwambia wapimaji, siyo mimi. Mpeleke kwako hospitalini kabla hajafika mbele yao: macho, masikio, meno, presha, mkojo, na umkague miguu kama ina unyayo bapa. Ukikuta la kutibika, litibu sasa. Na aanze kukimbia asubuhi.